Mashine Inayojua Kura Yako

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Siku njema! Mzee Johana ametangaza leo kwamba anaachia kiti. Amekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa hapa Kedowa tangu mimi nikiwa na nywele. Magoti yamekataa, anasema. Uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, uwanjani, mbele ya mtambo wa kupozea maziwa.

Nani anafaa kumrithi? Nimejiuliza bila upendeleo wowote. Jibu ni mimi, Kipkosgei. Nimekuwa katibu muda mrefu. Mwandiko wangu ni mzuri. Nina koti.

Shida ni Obure. Anagombea pia. Ana duka la dawa za ng'ombe kando ya barabara. Baba yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, halafu wakanunua kipande hapa kwetu. Watu wanampenda. Nimewauliza kwa nini. Wanasema ng'ombe akiugua, Obure anakuja hata mvua ikinyesha. Hiyo ni sababu ya kumpa mtu kiti? Mimi pia ningekuja, kama ningeitwa.

Tukihesabiwa kichwa kwa kichwa, ananishinda. Lazima ipatikane njia ya kuhesabu bila vichwa.

Na njia imekuja yenyewe! Fancy, binti ya marehemu kaka yangu, amerudi kutoka Nakuru na kompyuta. Ofisi alimokuwa akichapa barua imefungwa, mwenye ofisi akamwachia mashine. Sasa anatafuta chumba chenye stima afungue biashara ya kuchapa. Chama kina chumba. Chumba kina stima. Ufunguo ninao mimi.

Kompyuta ya ukoo wetu! Leo hata usingizi wa mchana nimeukosa.

Jumanne, 13 Agosti

Kikao cha kamati. Nimeshinda!

Niliwauliza kama wanakumbuka mlolongo. Kila mtu akatazama viatu vyake. Mwaka ule wa themanini na nane tulipanga foleni nyuma ya wagombea, na foleni fupi ikaishinda foleni ndefu mchana kweupe. Je, karatasi? Uchaguzi uliopita wa chama, sanduku la kura lilienda chooni pamoja na msimamizi, likarudi zito zaidi.

Nikasema binadamu ana tumbo, kompyuta haina. Haina kabila. Haina shemeji. Kila mwanachama ataingia peke yake, atasema jina, Fancy atabonyeza, mashine itajumlisha na kuchapa matokeo. Nikaongeza kwamba Ulaya wanafanya hivyo. Sina hakika, lakini nani atakwenda kuangalia?

Mzee Johana akauliza kama hiyo gombiuta inaogopa radi. Nikasema haiogopi chochote. Makofi!

Obure peke yake alikuwa anakuna kidevu. "Karatasi unaweza kumwaga kwa meza kila mtu aone," akasema. "Hii, Katibu, tutamwaga nini?"

Swali la wivu mtupu. Nikamjibu kwamba maendeleo hayamwagwi mezani. Watu wakacheka. Walimcheka yeye au mimi, haidhuru.

Jioni nilimdokezea Fancy kwamba damu ni damu. Akaacha kufuta vumbi kwenye mashine yake, akaniangalia. "Baba mdogo, mimi nitaandika kile mtu atasema. Ukitaka namba zingine, andika wewe mwenyewe."

Kiburi cha watoto waliosoma! Lakini wazo ametoa.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku ndefu.

Mpango ulikuwa safi. Kabla ya uchaguzi, kompyuta itoe utabiri. Watu wakiona nimeshashinda, nani atapoteza kura yake kwa aliyeshindwa? Fancy alikuwa ameenda Londiani kutafuta utepe wa wino. Nikaingia, nikafunga mlango.

Herufi za ile mashine hazikupangwa kwa utaratibu. A iko huku, B iko kule. Nani aliruhusu? Kupata K tu nilitoka jasho. Lakini nilipoandika jina langu na kubonyeza pale Fancy alipokuwa akibonyeza akifanya majaribio, kura moja ikaingia. Nikabonyeza tena. Nikaona kazi ni ya nini, nikakiweka kidole pale pale bila kukiondoa. Kura zikatoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi! Nikampa na Obure chache, isionekane wizi. Kile chombo cha kuchapa kikapiga kelele kama nguruwe, kikatoa karatasi. Nikaibandika mlangoni nikakimbia.

Saa ya kuleta maziwa ya jioni watu walikuwa wamejaa mlangoni. Karatasi ilisema: KIPKOSGEI 412, OBURE 9.

Wanachama wetu hawafiki mia mbili.

Mzee Johana akasomewa. Akaomba asomewe tena. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kuua mtu, hao wengine ni akina nani. Sauti ikatoka nyuma: "Labda imehesabu na ng'ombe!"

Kicheko! Watu waliweka mikebe chini ili wacheke vizuri. Mama mmoja aliegemea ukuta. Obure hakucheka. Alinihurumia, naapa niliona, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Chekeni tu! Hii mashine inajua kila mtu hapa. Inajua nani atampigia nani. Na ikishajua haisahau!"

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa na betri. Watu wakaangalia dirisha la kile chumba. Halafu wakaangaliana. Mmoja mmoja wakaokota mikebe yao, wakaondoka bila kuaga.

Nilisimama pale. Lazima niandike ukweli: ule ukimya ulikuwa mtamu.

Ijumaa, 16 Agosti

Heshima! Leo nimesalimiwa na watu ambao hawajanisalimia tangu Pasaka. Wanaume wawili walivua kofia. Mzee mmoja wa upande wa msituni ameniletea mursik, maziwa ya mgando ya sisi Wakipsigis, kibuyu kizima, akaninong'oneza kwamba yeye alikuwa wangu tangu zamani, niiambie mashine hivyo. Nikasema nitaiambia.

Wakipita karibu na kile chumba, watu wanashusha sauti. Wengine wanazunguka nyuma ya mtambo ili dirisha lisiwaone. Fancy anakasirika, anawaita waingie waone, anasema ni chombo tu cha kuandika na kuhesabu. Hakuna anayeingia. Amenitaka niseme ukweli. Nimemwambia nitasema, baada ya uchaguzi.

Mke wangu Chepchirchir aliuliza mursik imetoka wapi. Nikasema kwa marafiki. Akasema hakujua kwamba ninao.

Jumapili, 18 Agosti

Kanisani leo benchi la akina Obure lilikuwa tupu. Benchi la nyuma yake pia, na lile la kando. Familia zote zilizotoka Kisii hazikuja. Mhubiri alisimama akatazama yale mabenchi, akabadilisha wimbo.

Nilifurahi kidogo. Si vizuri kufurahi kanisani, lakini ilikuwa kidogo tu.

Baada ya chakula Chepchirchir alirudi kutoka bombani bila maji. Amekutana na Phelis, mke wa Obure. Wanapendana hao wawili. Ile vurugu ya tisini na mbili, nyumba za waliotoka Kisii zilipochomwa upande wa Londiani, Phelis na watoto walijificha kwetu ghalani, na Chepchirchir alikaa mlangoni na jembe. Sasa Phelis amemuuliza kama ni kweli ile mashine ina majina ya watu na kila mtu ametoka wapi.

"Nimemwambia sijui," akasema mke wangu. "Baba Kibet, kwa nini nimemwambia sijui?"

Nikamwambia ni siasa, siasa haina madhara. Akachukua mtungi akarudi bombani.

Jumatatu, 19 Agosti

Ubaya umeanza.

Maziwa yamepungua karibu nusu. Akina Obure hawakuleta. Na wa kwetu pia wengi hawakuleta, wanaogopa kuonekana karibu na mashine ikadhani wamekuja kusema jambo. Dereva wa lori la maziwa aliuliza kama ng'ombe wa Kedowa wamegoma.

Kisha akaja Kipruto.

Kipruto alikuwa kijana wa kukodishwa kutisha watu wakati wa kampeni. Siku hizi ni mtu mzima ambaye hajakodishwa muda mrefu, na anaona njaa. Alikuja na wenzake wawili, mikono mifukoni. Niliwaona kwa mbali. Katibu yeyote mwenye busara angefanya nilivyofanya: niliingia chumba cha baridi, nikachuchumaa nyuma ya mikebe.

Kutoka mle nilisikia kila neno. Kipruto alimwambia Fancy kwamba wamekuja kuchukua majina. Majina gani? Ya wale wote watakaompigia yule mgeni. Na hasa wa kwetu watakaompigia. Fancy akasema hakuna majina. Kipruto akacheka.

"Katibu mwenyewe alisema, mbele ya watu. Sasa wewe msichana unajua kumshinda?"

Fancy hakupandisha sauti. Akawaambia mashine haijui hata jina la mwenye duka la jirani. Mmoja akapiga meza teke, kitu kikaanguka. Meno yangu yalikuwa yanagongana. Ni baridi. Mle ndani ni baridi sana.

Kipruto akasema Jumamosi watakuja mapema, kabla ya watu. Wakute majina yamechapwa. Yasipochapwa, watajua Katibu na mpwa wake wanakula na Obure sahani moja.

Walipoondoka nilitoka. Fancy alikuwa ameshika kipande cha kikombe kilichovunjika. Aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani, nimejaa barafu kwenye nyusi.

"Umesikia?" akauliza.

Nikasema kidogo.

Jumatano, 21 Agosti

Nimepata suluhisho! Nimelipata na limekwisha.

Mashine ikipotea, majina yanapotea. Majina yakipotea, Kipruto hana cha kudai. Rahisi. Alfajiri ya leo nilifungua chumba kwa ufunguo wangu, nikachomoa nyaya, nikaitia kompyuta kwenye gunia la viazi. Nzito kama mtoto wa ng'ombe! Nikaipandisha kwenye wilbaro, nikaweka viazi juu, nikasukuma mpaka nyumbani. Njiani nilikutana na watu wanne. Wote walinisalimia kwa jina na kulitazama gunia. Nikasema ni viazi. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Saa nne Fancy akaja nyumbani. Sikuwahi kuona mtu amekasirika na anacheka kwa wakati mmoja. Ameniambia nimeiba kioo. Ile ni kama televisheni tu, ya kuonyeshea. Kompyuta yenyewe ni lile sanduku la chini, ambalo nililisukuma kwa mguu ili nipate nafasi ya kupita.

Nimeirudisha. Wilbaro ile ile, viazi vile vile, watu wale wale.

Kufikia mchana kituo kizima kilikuwa na habari mpya: Katibu ameipeleka mashine Kericho ikaonane na wakubwa, imerudi imejazwa. Nilimwambia kinyozi kwamba si kweli, nilikuwa nyumbani. Akaitikia kwa heshima. Akanyoa upande mmoja, wembe ukamponyoka mara mbili, akaniomba nirudi kesho.

Ninaandika haya nikiwa na nusu ya ndevu.

Alhamisi, 22 Agosti

Obure anahama.

Nilipata habari nikiwa kwenye chai yangu, nachuma majani mawili matatu kutuliza roho. Jirani alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: pikapu iko kwa Obure, wanapakia. Kitu cha kwanza nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba nimebaki mgombea peke yangu. Nilikimbia kumpa mke wangu habari. Sikujua kwamba nilikuwa natabasamu mpaka nilipomwona yeye ananitazama.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga leso kiunoni na kutoka. Nikamfuata.

Kwa Obure godoro lilikuwa tayari kwenye pikapu. Na cherehani, na kuku wamefungwa miguu. Phelis alikuwa anafunga sufuria kwenye shuka na mikono yake ilikuwa inafanya haraka sana. Binti yao Nyamoita alikuwa ameshika picha ya harusi ya wazazi wake, anauliza ikae wapi, hakuna anayemjibu.

Chepchirchir akapanda kwenye pikapu. Akakaa juu ya godoro.

"Mama Kibet, shuka tafadhali," Phelis akamwomba. "Sisi tulikwisha ona hii kitu. Ikianza na majina, inaendelea."

"Sishuki," akasema mke wangu. "Huyu aliyeleta hii maneno ameshafika. Aseme."

Wote wakanigeukia. Hata dereva.

Nikasema. Nikasema kwamba mashine haijui kitu. Kwamba niliropoka kwa sababu walinicheka. Kwamba haina majina, haina kumbukumbu, kwamba hata utabiri niliandika mimi kwa kidole hiki. Nikakionyesha.

Obure alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Katibu, mimi nakuamini," akasema. "Niliona siku ile ile unadanganya. Lakini mimi sitishwi na hiyo mashine. Watu wameamini. Sasa utaenda kwa kila nyumba uwaambie haijui? Na wewe ndiye ulisema inajua?"

Ninaandika hapa kwa sababu ni jambo la kushangaza: nilidanganya mara moja, wakaamini wote. Nimesema ukweli leo, na wa kwanza kuniamini ni yule niliyetaka kumshinda.

Ndipo Kipruto akatokea barabarani na wale wenzake. Sasa walikuwa sita. Walisimama langoni. Kipruto akasema anaona watu wanasafiri, safari njema, kama wanahitaji msaada wa kubeba waseme. Alisema hayo anatabasamu. Dereva wa pikapu akawasha gari. Kuku wakaanza kupiga kelele. Obure akasogea mbele ya mlango wa nyumba yake, akasimama hapo, mikono mitupu.

Mimi nilikuwa katikati. Nilitafuta njia ya kuwa pembeni, haikuwepo.

Chepchirchir hakushuka kwenye godoro. Alimwita Kipruto kwa jina la mama yake. Akamuuliza kama mama yake anajua yuko hapa, au ampelekee habari. Halafu akaita, ile sauti ya juu ya kuitana mlimani, na kutoka mashamba ya chini ikaitikiwa. Jirani yetu Elmina akaja na kisu chake cha kukatia kabichi. Jirani mwingine, Celine, akaja na mtoto mgongoni. Wakaja wengine, vikapu vya chai bado mgongoni, wa kwetu na wa Kisii pamoja, wakakaa kwenye nyasi kati ya lango na nyumba kama watu waliokuja kusubiri chai.

Kipruto aliwatazama mmoja mmoja. Mmoja wa wale wanawake alikuwa shangazi yake. Alitema mate kando.

"Jumamosi," akaniambia mimi, si wao. Wakaenda.

Godoro likateremshwa. Nilijitolea kubeba upande mmoja. Phelis akasema asante, wameshaweza.

Jumamosi, 24 Agosti

Imekwisha. Niandike kabla moyo haujatulia nikaanza kusahau.

Sikulala. Asubuhi uwanja ulijaa, lakini watu walisimama mbali na kile chumba, wakaacha nusu ya uwanja wazi. Kipruto na wenzake walikaa kwenye ngazi ya mlango, wakisubiri majina ambayo Fancy amekataa kuchapa. Fancy alikuwa ndani, mashine imewashwa, mwanga wa buluu usoni.

Mzee Johana aliniita niseme. Nikapanda juu ya kreti. Nikasema tena ukweli wote: haijui, haikumbuki, nilidanganya. Minong'ono. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba Katibu ametishwa. Mwingine akasema hapana, anaficha ili watu wapige kura bila hofu halafu awashike. Nikapaza sauti. Kadiri nilivyopaza ndivyo walivyorudi nyuma.

Fancy akatoka. Akasema yeyote aingie aulize mashine jina lake, aone kama inalijua. Hakuna aliyesogea. Bibi mmoja akasema hata mchawi ukimuuliza atakataa.

Kipruto akasimama. "Basi tupange laini!" akasema. "Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake, tuone kwa macho!"

Baadhi ya akina mama wakaanza kuvuta watoto mkono. Obure alikuwa anamtazama mkewe, na mkewe anatazama barabara. Ilibaki kidogo tu. Mtu mmoja angeanza kuondoka, wote wangeondoka, na sijui usiku huu ningekuwa naandika nini.

Chepchirchir akapita mbele. Mke wangu ambaye hata kwenye harusi hasemi! Akauliza kwa nini tunabishana juu ya mashine na laini, na mikebe ya maziwa iko hapa imejaa uwanja. Akamwambia Elmina alete mahindi na Celine alete maharagwe. Kila mtu apewe punje moja na haragwe moja. Hindi ni Kipkosgei, haragwe ni Obure. Utatumbukiza moja kwenye mkebe, nyingine utakwenda nayo kwako. Halafu mkebe utamwagwa kwenye turubai, hapa, juani, kila mtu ahesabu na macho yake.

Obure akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Fancy akarudi ndani akazima mashine. Mwanga ukapotea dirishani, na naapa watu walisogea mbele hatua moja wote kwa pamoja.

Kipruto akasema atasimama karibu na mkebe kulinda. Wazee wa kike wakatangulia. Waliuzunguka mkebe wakiwa wameugeuzia mgongo, wakatandaza leso zao wakashikana mikono, ikawa nyumba ndogo ya vitambaa. Mtu anaingia peke yake, anatoka. Kipruto alizunguka mara mbili akitafuta mwanya. Shangazi yake akamuuliza kama anataka kushikiwa mkono avushwe barabara.

Mimi nilikaa karibu nikisikiliza. Hindi likianguka kwenye mkebe hulia tofauti na haragwe, nilidhani. Ting. Hilo hindi! Ting. Hilo haragwe. Au hindi. Mke wangu alipoingia niliinama nikatega sikio. Sikusikia kitu. Alishusha kwa mkono mpaka chini.

Kipruto mwenyewe alipiga kura mwishoni. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko wote. Alipotoka hakumtazama mtu, akaenda zake, na wenzake wakabaki wanatazamana.

Mzee Johana akaumwaga mkebe. Wekundu mtupu! Maharagwe yalitambaa mpaka ukingo wa turubai. Mahindi yalikuwa hapa na pale, kama meno ya mzee. Watu wakahesabu kwa sauti, wote pamoja, kwa Kikipsigis kwanza, halafu wengine wakasema wa Kisii nao wahesabu kwa lugha yao, wakahesabu tena. Namba ikawa ile ile. Hakuna aliyebisha. Nilitafuta wa kubisha. Nilitaka kubisha mwenyewe nikakosa pa kuanzia, yote yalikuwa pale juani.

Phelis alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso. Mke wangu akakaa naye.

Obure alikuja akanipa mkono. Akasema wanahitaji katibu mwenye mwandiko mzuri. Nikasema nitafikiria. Nikakubali kabla hajageuka.

Jumatatu, 26 Agosti

Maziwa yamerudi. Lori limeondoka limejaa. Fancy anachapa barua za watu, mlango wazi, wanapanga foleni. Wanamwambia hata siri zao za ndoa aziandike. Sielewi watu.

Nimefanya uchunguzi nyumbani. Kila mwanachama alibaki na mbegu moja. Chepchirchir akiwa na hindi, alimpigia Obure. Akiwa na haragwe, alinipigia mimi. Nimepekua leso, nimepekua kikapu. Nikamuuliza wazi. Akasema kura ni siri. Mchana akaniwekea githeri, mahindi na maharagwe sufuria moja. Nimekula sahani nzima taratibu, nikiangalia kila kijiko. Hakuna ushahidi.

Nimetafakari sana nimekosea wapi. Si uongo. Uongo ulienda vizuri. Tatizo lilikuwa mashine: ilikuwa karibu mno. Kitu ambacho watu wanaweza kukizima kwa kidole hakiwezi kuheshimiwa.

Leo nimefungiwa nyama kwa gazeti. Nimelisoma lote pamoja na damu. Kuna kitu kinaitwa intaneti. Kimefika Nairobi. Kompyuta za dunia nzima zinazungumza zenyewe kwa njia ya simu, na hakuna anayejua zimekaa wapi! Hazina mlango. Hazina dirisha. Hakuna mwanamke atakayeizungushia leso.

Uchaguzi wa kamati ya wazazi shuleni ni Januari. Dunia nzima ikisema Kipkosgei, Kedowa itasemaje?

Kesho naenda posta ya Londiani kuuliza kama inauzwa kwa kilo au kwa mita.